Levi Strauss: Mchuuzi wa vitambaa aliyeacha jina kwenye viuno vya walimwengu

KILA Februari na kila Septemba, wapenzi wa mavazi huelekeza macho yao New York, London, Milan na Paris. Huo ndio msimu wa wiki za mitindo, ambapo wabunifu huonyesha nguo za miezi ijayo mbele ya wanunuzi na wanahabari.

Lakini kwa miaka mingi sasa, nusu ya maonyesho hayo hufanyika nje ya kumbi. Wapiga picha hujipanga barabarani kuwanasa wanaoingia na kutoka, na picha hizo ndizo husambaa upesi kuliko za jukwaani. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba koti hubadilika, viatu hubadilika na mkoba hubadilika, ila chini ya hayo yote jinzi haikosekani. Msimu mmoja huwa imebana mguu kama soksi, msimu mwingine huwa pana inayoburura vumbi, na mwingine huwa imechanwa magotini makusudi.

Ni sadfa tu, ila inapendeza kuitaja: mtu ambaye jina lake limeshikamana na vazi hilo kuliko jina lingine lolote alizaliwa Februari 26 na akafariki Septemba 26. Siku zote mbili huangukia katika majira hayo ya mitindo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona jukwaa la mitindo, na suruali alizouza hazikukusudiwa kupigwa picha. Zilikusudiwa kuhimili sururu, mawe na jasho.

Mtu huyo ni Levi Strauss. Habari zake nyingi zinazosimuliwa si za kweli. Wengi wameaminishwa kwamba alikwenda California akiwa na mzigo wa turubai za mahema, akamkuta mchimba dhahabu aliyelalamika kuwa suruali yake imeraruka, naye palepale akakata turubai na kushona suruali ya kwanza ya jinzi. Ni hekaya tamu, lakini Strauss hakuwa fundi wa kushona na hakuwa mchimba dhahabu. Suruali yenyewe haikuanzia mikononi mwake.

Alizaliwa mwaka 1829 katika kijiji cha Buttenheim, Bavaria, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake, Hirsch na Rebecca, walikuwa Wayahudi, na jina alilopewa lilikuwa Löb. Babake alikuwa mchuuzi aliyezunguka vijijini akiuza vitambaa na vikorokoro vya nyumbani. Alikuwa na watoto kutoka ndoa yake ya kwanza, na baada ya kufiwa na mkewe alimwoa Rebecca, ambaye alimzalia Fanny na Löb.

Maisha ya Wayahudi wa Bavaria wakati huo yalibanwa na sheria ambayo leo ingetushangaza. Tangu mwaka 1813 serikali iliweka idadi ya familia za Kiyahudi zilizoruhusiwa kuishi katika kila mahali. Kijana aliyetaka kuoa na kuwa na nyumba yake alihitaji nafasi katika orodha hiyo, na kwa kawaida nafasi ilipatikana pale tu mwingine alipokufa au kuhama. Kwa hivyo vijana wengi waliona heri kuvuka bahari kuliko kuzeeka wakisubiri msiba wa jirani.

Kaka zake wa baba mmoja, Jonas na Louis, walitangulia kwenda New York na kufungua biashara ya vitambaa. Babake alifariki mwaka 1846 kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata mjane Rebecca alifunga virago akaondoka na Löb, aliyekuwa na umri wa miaka 18, pamoja na mabinti wawili wa familia hiyo. Huko Marekani kijana huyo alijifunza biashara kwa kaka zake, na miaka michache baadaye jina la Löb likawa Levi.

Dhahabu ilikuwa imegunduliwa California mnamo Januari 1848, na habari zilipoenea watu walimiminika huko kutoka kila pembe ya dunia. San Francisco, ambao ulikuwa mji mdogo wa bandari, uligeuka jiji kwa muda mfupi kabisa. Wengi walikwenda kuchimba. Familia ya Strauss ilipiga hesabu nyingine: mchimbaji huenda akapata dhahabu au akaikosa, lakini ni lazima avae, ajifunike na ajifute uso.

Januari 1853 Levi alipata uraia wa Marekani na muda si muda akaanza safari. Alipitia Panama, njia iliyokuwa fupi kuliko kuzunguka ncha ya Amerika Kusini lakini iliyoogopwa kwa homa zake. Reli ya kuvuka pale haikukamilika hadi 1855. Mwezi Machi alikanyaga San Francisco akiwa na umri wa miaka 24.

Duka alilofungua lilikuwa la jumla. Kaka zake walimtumia mizigo kwa meli kutoka New York, naye akawauzia wenye maduka madogo ya jijini na ya miji ya migodini. Aliuza mablanketi, leso, nguo za ndani, vitambaa na mavazi yaliyokwisha kushonwa. Haukuwa na mbwembwe wala miujiza mtaji huo. Faida ilirudishwa New York kwa njia ya dhahabu, na dhahabu nayo ilisafiri baharini.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Septemba 1857 meli ya SS Central America ilikumbwa na tufani karibu na pwani ya Carolina, ikazama pamoja na watu zaidi ya 400 na shehena kubwa ya dhahabu kutoka California. Ndani yake mlikuwa na dhahabu ya Levi Strauss yenye thamani ya zaidi ya dola 76,000. Kwa fedha za enzi hizo kiasi hicho kingeweza kumwangusha mfanyabiashara yeyote. Strauss hakuanguka, jambo linaloonyesha jinsi duka lake lilivyokuwa limeota mizizi katika miaka minne tu.

Dadake Fanny na mumewe David Stern walimfuata San Francisco, na Stern akawa mshirika katika biashara. Mwaka 1863 kampuni ilichukua jina la Levi Strauss & Co., na mwaka 1866 ikahamia katika jengo kubwa la mtaa wa Battery. Levi hakuoa. Aliishi na familia ya dadake, na wapwa zake wakakua wakimwona kama baba wa pili. Mfumo huo wa mjomba na wapwa hauhitaji kufafanuliwa sana kwa msomaji wa kwetu.

Kufikia mwaka 1870 alikuwa tajiri aliyeheshimika. Lau mambo yangeishia hapo, jina lake lingebaki katika vitabu vya hesabu vya jiji hilo na pengine katika bamba la sinagogi. Kilichombadilishia sifa ni barua ya mteja mmoja.

Mteja huyo alikuwa Jacob Davis. Alizaliwa Riga, leo mji mkuu wa Latvia, mwaka 1831, wakati eneo hilo lilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Jina lake la awali lilikuwa Jacob Youphes. Alihamia Marekani mwaka 1854 na kwa miaka mingi alitangatanga, akijaribu biashara hii na ile bila kufanikiwa. Ilikuwa kana kwamba riziki inamkimbia. Mwaka 1868 alitua Reno, katika jimbo la Nevada, mji uliokuwa ndio kwanza unazaliwa kando ya reli mpya iliyojengwa kwa kiasi kikubwa na vibarua Wachina. Msomaji auweke ukweli huo akilini, maana tutaurudia.

Pale Reno, Davis alirudia ushonaji. Alishona mahema, vifuniko vya magari ya kukokotwa na mablanketi ya farasi. Turubai alizotumia alizinunua kwa Levi Strauss & Co. Kazi ya mablanketi ya farasi ilihitaji mikanda ipigiliwe ili isichomoke, na kwa hiyo mezani pake hapakukosekana ribiti, yaani vile vijipini vya shaba vinavyogongwa kwa nyundo hadi vikabana.

Kati ya mwisho wa 1870 na mwanzo wa 1871, mwanamke mmoja alifika dukani mwake. Mumewe alikuwa mkata kuni, mtu wa umbo kubwa aliyekuwa mgonjwa, na suruali zote alizovaa ziliraruka. Hata kwenda dukani kupimwa hakuweza, kwa sababu hakuwa na suruali ya kumtoa nje. Mama huyo alitaka suruali imara kuliko zote ambazo fundi angeweza kushona, na akalipa dola tatu kabla ya kazi kuanza.

Davis alichukua turubai nyeupe akashona. Alipomaliza, macho yake yaliangukia zile ribiti. Fundi yeyote wa nguo za kazi anajua kwamba suruali haianzi kuraruka katikati ya paja. Huanzia kwenye pembe za mifuko, pale mvaaji anapotia mkono, nyundo na mawe, na pia chini ya sehemu ya vifungo vya mbele, ambapo mshono huvutwa kila anapochuchumaa. Uzi hata uwe mnene vipi hulegea. Davis alipigilia ribiti katika pembe hizo, akakabidhi suruali, na wala hakudhani kwamba amefanya jambo kubwa.

Sehemu dhaifu ya vazi ilikuwa imepata tiba. Nguvu za mvuto ambazo awali zilibebwa na nyuzi chache sasa zilisambazwa na kipande cha shaba kilichoshika matabaka yote ya kitambaa kwa pamoja. Mkata kuni alivaa, wenzake wakaona, na sifa zikasafiri kando ya reli. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, Davis alikuwa ameuza suruali zipatazo 200, baadhi za turubai nyeupe na nyingine za denimu ya buluu.

Ndipo hofu ilipomwingia. Ribiti haikuwa siri. Mshonaji yeyote angeweza kununua suruali moja, kuitazama na kuiga. Njia pekee ya kujikinga ilikuwa hataza, ile hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kipekee kwa muda maalumu. Gharama zake zilikuwa dola 68, fedha ambazo fundi mwenye familia kubwa hakuwa nazo za kuchezea.

Julai 1872 Davis aliandika barua kwa Levi Strauss & Co., akaambatisha suruali mbili kama mfano. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini hoja yake ilikuwa wazi kama maji ya kisima: suruali zinanunuliwa upesi kuliko anavyoweza kuzishona, wenye maduka wataanza kuiga, na yeye yuko radhi kugawana haki hiyo na kampuni iwapo itagharimia maombi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapa ndipo penye sifa halisi ya Levi Strauss. Hakuvumbua chochote. Lakini barua kama hizo huwafikia matajiri kila siku na nyingi hutupwa, na zisizotupwa mara nyingine huibiwa. Kampuni kubwa ya San Francisco ingeweza kwa urahisi kabisa kuchukua ile mifano miwili, kupeleka maombi kwa jina lake peke yake, na kumwacha mshonaji wa Reno akilia na Mungu wake. Haikufanya hivyo. Maombi yaliwasilishwa kwa jina la Davis kama mvumbuzi, huku nusu ya haki ikiwa ya kampuni.

Ofisi ya hataza haikukubali mara moja, na maombi yalirudishwa kufanyiwa marekebisho. Hatimaye, Mei 20, 1873, hataza nambari 139,121 ilitolewa. Ukiisoma utashangaa jinsi ilivyo fupi, kwani haidai kuvumbua suruali wala kitambaa. Inazungumzia tu njia bora ya kuimarisha midomo ya mifuko. Hata hivyo, tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa jinzi.

Davis alihamia San Francisco kusimamia ushonaji. Mwanzoni wanawake walishonea majumbani, kisha kampuni ikafungua kiwanda. Denimu ilitoka kwa Amoskeag, kiwanda kikubwa cha kusuka kilichokuwa Manchester, katika jimbo la New Hampshire.

Kuna jambo hapa linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Eneo hilohilo la New England ndilo lililokuwa likisuka ile pamba nyeupe iliyoingia Zanzibar tangu miaka ya 1830, ikapanda na misafara hadi bara, na ikapewa na Waswahili jina la merikani. Kwa hivyo, kabla jinzi haijafika kwetu, ndugu yake mkubwa alikuwa ameshakaa pwani kwa miongo kadhaa.

Denimu ilikuwa na hila yake. Nyuzi zinazokwenda wima hutiwa rangi ya nili, na zinazokwenda ubavuni huachwa nyeupe. Nili haizami hadi ndani ya uzi, bali huganda juu juu. Kila kunapokuwa na msuguano rangi hubanduka kidogo na weupe kujitokeza. Kwa mchimba mgodi hilo halikuwa pambo, lilikuwa kuchakaa tu. Karne moja baadaye, weupe huo wa mapajani ungekuwa ndio hasa unaotafutwa, na viwanda vingesugua suruali mpya kwa mawe ili zifanane na za mtu aliyefanya kazi ngumu.

Neno jinzi halikutumiwa kwa bidhaa hiyo wakati wa uhai wa Strauss. Kampuni na wateja waliichukulia kama ovaroli ya kiunoni, nguo ya kuvaliwa kazini na kuvuliwa kazi inapokwisha. Mfanyabiashara wa hadhi yake alivaa suti nyeusi ya sufu.

Waigaji walikuja haraka kama Davis alivyohofia. Mnamo 1874 kampuni ilimshtaki mfanyabiashara mwenzake wa San Francisco, A. B. Elfelt, kwa kuuza suruali zenye ribiti. Davis alitoa ushahidi akaeleza jinsi mke wa mkata kuni alivyofika dukani, malipo aliyotoa na jinsi ribiti zilivyokuwa mezani. Makarani waliandika maneno yake, nayo yakahifadhiwa katika nyaraka za mahakama. Tutaona punde umuhimu wa karatasi hizo.

Haifai kumsimulia Strauss bila kugusa doa lililo kwenye biashara yake. Miaka ya 1880 chuki dhidi ya Wachina ilitapakaa California, na mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Kampuni ya Strauss ilijiunga na wimbi hilo. Ilijinadi kwa wateja kwamba bidhaa zake hushonwa na wafanyakazi weupe pekee, na tangazo hilo likachapishwa hata ndani ya mifuko ya suruali. Sera hiyo iliachwa katika miaka ya 1890.

Kuna watakaosema hayo yalikuwa mambo ya zama zake na kila mwenye kiwanda alifanya hivyo. Lakini aliyekuwa kichwani mwa kampuni ni mtu ambaye familia yake iliikimbia Bavaria kwa sababu serikali ilihesabu vichwa vya watu wa kabila lake. Zaidi ya hayo, ule mji wa Reno ambako suruali ilizaliwa ulitokana na reli ambayo Wachina waliijenga kwa mikono yao. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema.

Upande wa pili wa mizani pana matendo yake ya hisani. Mwaka 1854, akiwa mgeni wa mwaka mmoja tu jijini, alitoa dola tano kwa makao ya mayatima. Aliendelea kutoa kwa mayatima wa Kiyahudi na wa Kikatoliki hadi mwisho. Mwaka 1897 alifadhili masomo ya wanafunzi 28 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1895 alimwambia mwandishi wa gazeti moja la San Francisco kwamba, kwa kuwa hakuoa, kazi ndiyo maisha yake, na kwamba haamini utajiri mkubwa huwaletea wenyewe furaha. Maneno hayo ni rahisi kwa tajiri kuyatamka, ingawa kwake yeye matumizi ya fedha yanayaunga mkono kiasi.

Hataza ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1890, na tangu hapo kila mtu akawa huru kupigilia ribiti. Kampuni ilikuwa imejiandaa. Tangu 1886 iliweka kiunoni kipande cha ngozi chenye picha ya farasi wawili wakivuta suruali pande mbili bila kuirarua, alama ambayo hata mteja asiyejua kusoma angeitambua. Karibu na 1890 suruali hiyo ilipewa nambari ya ghala, 501. Nambari iliyokusudiwa karani ikaja kuwa jina maarufu kuliko majina mengi ya watu.

Septemba 26, 1902, Levi Strauss aliaga dunia nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 73. Mali aliyoacha ilikadiriwa kuwa ya thamani ya takriban dola milioni sita. Biashara iliwaendea wapwa zake wanne wa ukoo wa Stern. Siku ya mazishi wafanyabiashara wa jiji walifunga shughuli zao kwa muda ili kumsindikiza, naye akazikwa Colma, kusini mwa San Francisco. Jacob Davis aliendelea kuwa karibu na kiwanda karibu hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1908 bila kelele za magazeti.

Aprili 18, 1906, tetemeko la ardhi liliipiga San Francisco na moto uliofuata ukateketeza sehemu kubwa ya jiji. Jengo la Battery liliungua pamoja na barua, daftari za hesabu, picha na mifano ya nguo. Wapwa walijenga kiwanda kipya na kazi ikaendelea, lakini kumbukumbu zilikuwa majivu.

Palipokosekana karatasi palijaa masimulizi. Ndiyo maana hekaya ya turubai na mchimba dhahabu ilistawi kwa miongo mingi. Mwanzilishi mmoja, mwenye jina linalosomeka kiunoni, ni rahisi kukumbukwa kuliko wawili. Kilichomwokoa Davis ni ile kesi ya 1874. Daftari za tajiri ziliungua, ilhali maneno ya fundi yalisalia kwenye kumbukumbu za mahakama, na humo ndimo wanahistoria walimkuta.

Safari ya suruali hiyo kutoka machimboni hadi kwenye mitindo yafaa kuelezwa kwa ufupi, maana mwenyewe hakuishuhudia. Mwaka 1934 kampuni ilitoa jinzi ya kwanza ya wanawake, na mwaka uliofuata ikaonekana katika jarida la Vogue, ikinadiwa kwa matajiri waliokwenda kupumzika katika mashamba ya mifugo ya magharibi. Miaka ya 1950 filamu ziliivisha vijana wakaidi, na baadhi ya shule za Marekani zikaipiga marufuku. Mwaka 1976 mbunifu Calvin Klein aliipandisha jukwaani. Novemba 1988 jalada la Vogue la Marekani lilimwonyesha mwanamitindo aliyevaa jinzi ya dola 50 pamoja na koti la Christian Lacroix lenye thamani ya dola 10,000. Mchanganyiko huo wa cha bei rahisi na cha bei ghali ndio ambao wapiga picha wa barabarani wanauwinda hadi leo.

Ribiti nazo zilipungua kadiri suruali ilivyosogea karibu na sebule. Za mifuko ya nyuma zilikwaruza viti na matandiko ya farasi, zikafunikwa kwa kitambaa mwaka 1937 na kuondolewa katika miaka ya 1960. Ile ya chini ya vifungo vya mbele iliondolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zilizobaki mbele ni za urembo zaidi kuliko haja, kwani wengi wetu hatubebi mawe mifukoni.

Kwetu Kenya jinzi nyingi hufika ndani ya marobota ya mitumba, na asubuhi ya kufunguliwa robota Gikomba ni vigumu kupita bila kusukumwa. Pia kuna safari ya kurudi. Chini ya sheria ya biashara ya AGOA iliyopitishwa Marekani mwaka 2000, viwanda vya Nairobi vimeshona jinzi za Levi's kwa ajili ya soko la Marekani. Baadhi yake, bila shaka, hurudi tena Gikomba zikiwa zimevaliwa.

Mwaka 2022 suruali mbili kuukuu ziligonga vichwa vya habari. Oktoba, jinzi ya miaka ya 1880 iliyookotwa katika mgodi uliotelekezwa iliuzwa kwa mnada huko New Mexico kwa zaidi ya dola 76,000, kiasi kinachokaribiana ajabu na dhahabu ya Strauss iliyozama 1857. Mfukoni mwake bado yalisomeka yale maneno ya kujivunia mikono meupe. Desemba, suruali ya kazi iliyopatikana katika sanduku chini ya bahari, ndani ya mabaki ya SS Central America yenyewe, ilinunuliwa kwa dola 114,000. Kulizuka mabishano makali kama ilitoka dukani kwa Strauss au la, na mwanahistoria wa kampuni akakana. Ribiti haikuwa nayo, na isingeweza kuwa nayo, kwani mkata kuni wa Nevada alikuwa bado hajaraua suruali yake ya mwisho.

Mnada huo wa Desemba ulifanyika Reno. Katika mji huohuo, mahali palipokuwa duka la Jacob Davis, liliwekwa bamba la kumbukumbu Mei 20, 2006, miaka 133 kamili tangu hataza itolewe. Nyumba ya Buttenheim alimozaliwa Levi ilikuwa imekwisha kufanywa makumbusho tangu mwaka 2000.